Korneti na Tarumbeta

Msomaji, huenda hujapata kuishika korneti mkononi mwako, lakini naamini umepata kuisikia. Kama umewahi kusimama kando ya njia siku ya Jumapili, ikapita bendi ya Jeshi la Wokovu na bendera yake, basi umeisikia. Tarumbeta nayo umeisikia, labda mara nyingi zaidi, maana husikika siku za sikukuu za taifa askari wanapopita kwa gwaride, na husikika katika arusi. Ala hizi mbili zafanana kama ndugu wa tumbo moja. Zote ni za shaba, zote zina vibonyezo vitatu, na zote hazitoi sauti mpaka midomo ya mtu itetemeke. Asiyezijua huziita zote tarumbeta. Mimi nilizijua tangu utoto wangu, na juu ya hayo nilizikosea. Nataka kukueleza jinsi nilivyozikosea, kwa kuwa kosa lenyewe halikai katika muziki peke yake. Lafanyika kila siku katika madarasa, katika viwanja vya michezo na katika karakana, na pengine wewe usomaye umekwisha kulifanya juma hili.

Mama yangu alikuwa na kaka mmoja, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Siku sita za juma mjomba alikuwa seremala. Siku ya saba alikuwa mpiga korneti. Jeshi la Wokovu lilifika Kenya mwaka 1921, na katika vilima vya Maragoli tulikozaliwa sisi, bendi zake za shaba ni sehemu ya Jumapili kama vile viatu vilivyong'arishwa. Korneti ya mjomba haikuwa mpya. Ilikuwa imebonyea ubavuni, na rangi yake ya dhahabu ilikuwa imechujuka mahali viganja vyake viliposhika kwa miaka mingi. Jioni, alipokwisha kuranda mbao, aliketi juu ya gogo nje ya karakana yake akaipiga polepole. Sauti yake ilijaa taratibu, kama sauti ya mtu anayezungumza kando ya kitanda cha mgonjwa. Mama, aliyekuwa akichambua kunde, aliacha mikono yake ipumzike ndani ya ungo mpaka wimbo uishe.

Nilipotimiza miaka kumi alianza kunifundisha. Nilipopata nafasi katika chuo cha ualimu, aliifunga korneti ile katika kipande cha blanketi, akanikabidhi mbele ya mama. Alisema, "Mpwa wangu, meno yangu yameanza kuniacha, na mpiga korneti asiye na meno ya mbele ni kama mlango usio na mwimo. Nenda nayo. Watoto utakaowafundisha wataisahau hesabu yako, lakini wimbo hawatausahau." Niliipokea kwa mikono miwili, kama ipasavyo kupokea kitu cha mkubwa.

Chuoni tulikuwa na bendi ndogo ya vijana kumi na wawili. Siku ya kufunga mwaka tulitakiwa kupiga wimbo mmoja mbele ya wazazi na wageni, na wimbo ule uliishia katika noti tuliyozoea kuiita Do ya juu. Katika karatasi ya muziki noti hiyo hukaa juu ya mistari mitano, imepachikwa kwenye vistari viwili vya nyongeza kama ndege aliyetua juu ya waya. Mimi niliweza kufika So iliyo chini yake. Siku njema nilifika La. Do yenyewe haikuja. Nilivuta pumzi, nikakaza shingo, nikafumba macho, isije. Mwenzangu mmoja alikuwa na tarumbeta, na tarumbeta ile ilipopanda ilimetameta. Ilitoboa ukumbi mpaka ikasikika jikoni. Nilimtazama yeye, kisha nikaitazama korneti yangu fupi iliyobonyea ubavuni, nikapata jibu lililonipendeza. Nilisema moyoni kwamba kasoro haikuwa yangu, kasoro ilikuwa ya korneti. Wazee walisema kweli kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Mjini palikuwa na mfanyabiashara wa vitu vikuukuu. Katika kabati lake, kati ya saa zilizosimama na redio zisizosema, palikuwa na tarumbeta. Nilimpa korneti ya mjomba, nikaongeza shilingi 6,000 nilizokuwa nimeziweka kidogo kidogo kwa miezi saba, nikatoka na tarumbeta. Sikumwandikia mjomba wala sikumpigia simu. Nilijiambia kwamba siku atakaposikia Do ya juu atafurahi, na furaha ile itamsahaulisha korneti yake. Ndivyo mtu anavyojishtaki na kujisamehe katika dakika moja, pasipo shahidi.

Majuma ya kwanza nilidhani nimeshinda. Nilipiga So ile ile niliyoizoea, nayo ilitoka kali na yenye kung'aa hata nikaona nimepanda daraja mbili. Mwalimu wetu wa muziki aligusa kinanda akanionyesha kuwa ilikuwa So ile ile, wala haikuzidi. Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Sikio langu lilikuwa limeuchukua ukali wa sauti likauita urefu.

Siku ikafika. Mjomba alikuja kwa matatu mbili na kwa miguu, amevaa koti lake la kijivu, akaketi safu ya tatu kando ya mama. Tulipopanda jukwaani nilimwona akinyosha shingo, akitafuta kitu mikononi mwangu asikione. Tulianza. Tulipofika mwisho wa wimbo niliibana tarumbeta midomoni kwa nguvu zangu zote, kwa sababu sikuwa na njia nyingine niliyoijua. Sauti ilitoka nusu, ikavunjika kama ya jogoo mchanga anayejifunza kuwika, ikazimika. Wageni walikohoa kwa adabu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuwa na adabu hiyo, walicheka. Nilipoishusha tarumbeta nilionja damu, maana mdomo wangu wa juu ulikuwa umepasukia menoni.

Baada ya chakula mjomba aliniita chini ya mti. Hakuniuliza habari za noti.

"Korneti iko wapi?"

"Nimeiuza, mjomba."

"Kwa nini?"

"Haikuweza kupanda."

Alinyamaza muda wa kutosha mtu kusali. Kisha alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa uzi wa seremala, ule wa kunyoshea mistari juu ya mbao. Akaomba tarumbeta yangu. Aliishika ncha ya uzi penye kipulizio, yaani kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa midomoni, akaufuatisha uzi juu ya bomba, kona kwa kona, kupitia vibonyezo, mpaka pale mbele ambapo bomba huchanuka kama ua. Akafunga fundo. Akamwita kijana mmoja wa bendi yetu aliyekuwa na korneti, akaupitisha uzi ule ule juu ya bomba la korneti na mikunjo yake yote. Fundo liliangukia ukingoni. Tofauti haikuzidi upana wa kidole.

"Mpwa wangu," alisema, "umeuza mita moja na nusu, ukanunua mita moja na nusu."

Hakusema neno jingine juu ya jambo lile, siku ile wala siku nyingine. Aliuviringa uzi, akauacha kiganjani mwangu, akaenda kumtafuta mama.

Sasa nataka unifuate polepole, kwa sababu hapa ndipo penye elimu, na mimi niliipata kwa kuchelewa. Korneti na tarumbeta za kawaida hutengenezwa kwa kipimo kimoja kiitwacho B-flati, na bomba la kila moja, likinyoshwa, huwa na urefu wa karibu mita 1.4. Korneti huonekana fupi kwa sababu imekunjwa zaidi. Bomba la urefu huo halikubali kila noti. Bila kubonyeza kitu, hukubali noti chache tu, zilizopangwa kama vipandio vya ngazi. Lakini ngazi hii ni ya ajabu: vipandio vya chini vimeachana, na kadiri unavyopanda ndivyo vinavyokaribiana. Huko chini, kutoka Do utaruka mpaka So, pasiwe na kipandio katikati. Huko juu, ukitoka Do ya juu kipandio kinachofuata ni Re, jirani yake wa karibu. Kazi ya vibonyezo ni kuongeza vipande vya bomba ili mapengo yale yazibwe. Do ya juu ni kipandio cha nane, na ili kukishika midomo ya mpigaji hutetemeka karibu mara 932 kwa sekunde. Mitetemo ikipungua au ikizidi, utaangukia kipandio cha jirani. Ndiyo sababu noti za juu huponyoka. Vipandio vimesongamana, na mguu hukosea kwa urahisi.

Hesabu hiyo haina upendeleo. Korneti yataka mitetemo 932, na tarumbeta yataka mitetemo 932. Hakuna muuzaji duniani awezaye kukupunguzia hata mmoja.

Utaniuliza, "Je, tofauti hakuna?" Tofauti iko, tena ni kubwa, lakini imekaa mahali pengine. Bomba la tarumbeta kwa sehemu kubwa lina upana mmoja kama mwanzi, kisha huchanuka karibu na mwisho. Bomba la korneti hupanuka polepole katika sehemu kubwa ya safari yake, kama pembe ya ng'ombe. Kipulizio cha tarumbeta ni bakuli la kina kifupi. Cha korneti kina kina kirefu, nacho huchongoka kuelekea chini kama faneli. Ukitaka kuvibadilishana, ala zenyewe zitakataa. Shina la kipulizio cha tarumbeta ni nene, haliingii sawasawa katika korneti. Na la korneti hulegea ndani ya tarumbeta.

Maumbo hayo ndiyo yanayoipa sauti rangi yake. Kila noti unayoisikia imebeba juu yake noti nyingine ndogo ndogo, za juu zaidi, ambazo sikio halizitenganishi. Tarumbeta na kipulizio chake cha kina kifupi huzipa nguvu zile ndogo za juu, nasi huiita sauti yake kali na angavu. Korneti huzituliza, nasi huiita sauti yake laini na ya mviringo. Fikiri watu wawili waliosimama juu ya kipandio kimoja cha ngazi, mmoja amevaa kanzu nyeupe juani, na mwingine amevaa kanzu ya kahawia. Yule wa kwanza utamwona kutoka mbali zaidi, lakini ukipima kimo chao utakuta wamesimama sawa. Mimi niliipenda kanzu nyeupe, nikadhani nimependa kimo.

Sitakuficha neno moja. Kikombe cha kina kifupi huwasaidia wapigaji wengi huko juu, na wengi husimulia kwamba tarumbeta huikamata noti kwa uthabiti, ilhali korneti huiacha ilegee kidogo na kumtaka mpigaji aiongoze kwa sikio. Msaada huo upo, nami nimeuona. Lakini ni msaada wa mtu aliyekwisha kufika mlangoni, akapewa mkono avuke kizingiti. Aliye mbali na mlango haumfai kitu, na mimi siku zile nilikuwa bado njiani.

Historia nayo hunishuhudia. Tarumbeta ni ya kale sana. Katika kaburi la Farao Tutankhamun, lililogunduliwa huko Misri mwaka 1922, zilikutwa tarumbeta mbili, moja ya fedha na moja ya shaba. Hapa kwetu, siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu ni za ukoo huo huo wa ala zinazopata sauti katika midomo ya mpulizaji, ijapokuwa siwa hupulizwa ubavuni. Tarumbeta za zamani hazikuwa na vibonyezo. Kwa hiyo wapiga tarumbeta wa Ulaya katika zama za Johann Sebastian Bach, karne ya 18, walilazimika kupanda juu sana kila walipotaka kupiga wimbo, kwa kuwa huko juu tu ndiko vipandio vilikokaribiana vya kutosha. Ala zao zilikuwa ndefu kuliko hizi zetu, wala hazikuwarahisishia kitu. Juu ya hayo walipanda.

Korneti ni mtoto wa juzi. Ilizaliwa Ufaransa karibu na mwaka 1830, wakati pembe ndogo ya wapeleka barua ilipotiwa vibonyezo. Ilikuwa nyepesi kuendesha, ikapendwa upesi. Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Arban, alitoa mwaka 1864 kitabu kikubwa cha mazoezi kwa ajili ya korneti na nduguze, na hata leo wapiga tarumbeta wa nchi nyingi hujifunza katika kitabu hicho. Tena katika bendi za shaba za Kiingereza, ambazo bendi ya mjomba ilifuata mfano wake, kwa desturi tarumbeta haimo. Zimo korneti kumi, na noti za juu kuliko zote hupigwa na korneti ndogo ya kipimo cha E-flati, ambayo bomba lake limepungua kwa robo. Kama kweli nilitaka ala fupi ya kupandia, hiyo ndiyo niliyopaswa kuitafuta. Nayo, msomaji, ni korneti!

Labda umepata kusikia jina la Louis Armstrong wa Marekani, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901. Alijifunza korneti alipokuwa mtoto katika nyumba ya kurekebishia watoto, alimopelekwa mwaka 1913. Rekodi zake za kwanza, za mwaka 1923, alizipiga kwa korneti. Baada ya miaka michache alihamia tarumbeta, akasifika duniani kwa noti zake za juu. Hata Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, alifika akapiga mwaka 1960. Watu hupenda kuzitaja noti zile, lakini wachache huutaja mdomo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipiga noti za juu nyingi mno, usiku baada ya usiku, mpaka mdomo ukapasuka na ikambidi apumzike. Ikiwa fundi kama yule aliumia, mimi ni nani nisiumie? Kipulizio kikibanwa mno, damu haipiti vizuri mdomoni. Mdomo huo huvimba na kufa ganzi, na mdomo uliokufa ganzi hautetemeki mara 932, wala hata mara 300.

Mdomo wangu ulipopona nilianza upya kama mtoto. Nilipiga noti ndefu za chini kwa sauti ndogo, nikapumzika kwa muda sawa na ule niliopiga. Nilijifunza kukaza pembe za mdomo na kuiacha katikati yake iwe huru. Nilijifunza kuvuta pumzi mpaka chini ya mbavu, kifua kisipande. Nilijifunza pia kwamba ulimi una kazi yake. Ukitamka "taa" ulimi hulala chini. Ukitamka "tii" huinuka, na pumzi hupita juu yake kwa kasi zaidi. Jaribu sasa hivi ulipoketi, utauhisi. Niliongeza kipandio kimoja kimoja, na kipandio nisichoweza kukipiga kwa sauti ndogo sikukihesabu kuwa changu. Zilikuwako siku nilizorudi nyuma, nikapoteza kwa saa moja kile nilichokipata kwa mwezi. Miezi minane ilipita hivyo. Jioni moja ukumbini, peke yangu, Do ya juu ilikuja, nyembamba kama uzi, pasipo kubana. Nilisimama nimeduwaa, nikajua kwamba noti ile ingalinijia hata kwa korneti, kama ningalikuwa na subira ya kuingoja.

Juma lililofuata nilirudi kwa yule mfanyabiashara. Korneti ilikuwa imekwisha kununuliwa zamani, wala hakukumbuka ni nani aliyeinunua. Nilimwachia nambari yangu ya simu. Nilipita dukani kwake mara tatu, na mara zote tatu alitikisa kichwa kabla sijafungua kinywa.

Mjomba alifariki katika mwaka wa pili wa kazi yangu ya ualimu. Wenzake wa bendi walikuja na ala zao, wakaniomba nipige peke yangu, penye kaburi, wimbo aliokuwa akiupiga jioni juu ya gogo. Wimbo ule hupanda karibu na mwisho. Niliupiga kwa tarumbeta, nami nilipanda. Noti ilikuja safi, ikavuka migomba ikaenda ng'ambo ya kilima. Watu walinishukuru, na wazee wawili walinipa mkono. Tulipokuwa tukirudi nyumbani mama alinishika kiwiko.

"Umepiga vizuri, mwanangu," alisema. "Ila kaka yangu sikumsikia."

Hakusema kwa hasira. Mama hajui kusoma noti, wala hajapata kuambiwa habari za mabomba na vipulizio, lakini sikio lake lilipima kitu ambacho uzi wa mjomba hauwezi kukipima. Kimo cha sauti nilikuwa nacho. Rangi yake ndiyo niliyoiuza. Nilikuwa nimetoa kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha, nikitaka kununua kitu ambacho fedha haiwezi kukileta. Nilitembea kando yake mpaka nyumbani bila kupata neno la kumjibu, na hata leo, miaka mingi baadaye, sijalipata.

Sikuambii haya ili uichukie tarumbeta. Ninayo, nami naipenda. Siku ya michezo uwanjani, penye upepo na ngoma na kelele za watoto mia sita, sitachagua ala nyingine. Chagua tarumbeta kwa ajili ya mwanga wake, au chagua korneti kwa ajili ya upole wake, na hapo utakuwa umechagua kwa haki. Lakini usichague moja kati ya hizo ili ikufanyie kazi ambayo ni ya midomo yako na pumzi yako. Ndivyo ilivyo kwa kalamu ya bei kubwa mkononi mwa asiyeandika, na viatu vipya miguuni mwa asiyekimbia, na kitabu cha tatu cha hesabu mezani pa mtu ambaye hajamaliza mazoezi ya kitabu cha kwanza. Si vibaya kuwa navyo. Ubaya ni kuvingoja vitupandishe.

Muhula uliopita msichana mmoja wa miaka kumi na mitano alinijia baada ya masomo. Shule yetu ina korneti mbili kuukuu na tarumbeta moja. Alisema, "Mwalimu, naomba unibadilishie. Nipe tarumbeta. Korneti hii haipandi." Maneno yalikuwa yale yale yangu. Nilitaka kumpa hotuba ndefu, maana walimu tuna ugonjwa huo. Badala yake nilifungua droo ya meza, nikatoa uzi, nikaziweka ala zote mbili mbele yake, nikamwambia apime mwenyewe. Alipima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Aliutazama uzi, akaitazama korneti, kisha akauliza swali ambalo mimi nilichelewa sana kuliuliza: "Sasa, mwalimu, nifanye nini?"

Nilivuta kiti. Tulianza kwa noti ya chini, kwa sauti ndogo.

Uzi ule umechakaa sasa, na rangi yake imetoka. Lakini fundo la mjomba liko pale pale alipolifunga.